Nyumba Isiyonuka Dawa Tena

Mama,

Leo nimepiga deki nyumba nzima kwa maji moto, sabuni ya kipande na siki, na madirisha nimeyaacha wazi ingawa baridi ya Julai imeshika hapa kwetu Skuta na ukungu unaingia hadi sebuleni. Ungenigombeza. Ungesema, "Nyambura, hii ni kuosha ama ni kulowesha?" Nakuandikia wewe kwa sababu sijui nimweleze nani mwingine.

Dawa yako ya sakafu hatuitumii tena. Ile nyeusi, inayogeuka nyeupe kama maziwa ukiitia kwenye ndoo. Watu wa matanga walipoondoka, niliimwaga kila Jumamosi, nyingi kuliko hata ulivyokuwa ukiimwaga wewe. Nilitaka mtu akifungua mlango aone bado uko. Baba akitoka kazini Kiganjo alikuwa anasimama pale mlangoni, anavuta hewa, ndipo anavua viatu.

Lakini Wangeci, Mama. Unakumbuka kifua chake. Ulisema ni baridi, ukawa unampaka mafuta na kumvalisha sweta mbili. Ulipoondoka kikazidi. Mdogo wangu wa miaka saba anakaa wima kitandani, mabega yamepanda, anatafuta hewa na haipati. Tulimpeleka hospitali. Daktari, mama mmoja mpole, alimsikiliza mgongoni, kisha akaniuliza tunasafisha nyumba na nini. Nilijibu kwa fahari! Nikazitaja zote: ya sakafu, ya kung'arisha nguo, na ile ya choo inayofuka moshi ukiifungua.

"Hizo utoe," akasema. "Hii kifua haiwezani nazo."

Nikamwambia ni za mama yangu. Sijui kwa nini nilimwambia. Akanishika mkono, akasema, "Hakujua. Hakuna mtu alimwambia."

Na ni kweli. Lakini naumia, kwa sababu najua ulivyoanza. Kabla sijazaliwa ulimpoteza mtoto kwa kuhara, na ukaapa hakuna uchafu utakaoingia kwako tena. Ulisugua hadi vidole vikapasuka. Nitakulaumuje? Na nisipokulaumu, nifanye nini na hii hasira?

Basi nikabadilisha. Sufuria nazisugua kwa jivu la jiko, sinki kwa magadi, vioo kwa siki na gazeti kuukuu. Choo nakimwagia maji yanayochemka, nakisugua kwa ndimu. Kazi ni ndefu, mabega yanauma, na sina hakika hata siku moja kwamba pamekuwa safi vile ulivyotaka.

Tata Muthoni, dada yako, alikuja kutoka Kerugoya kutuona. Alisimama mlangoni, akanusa.

"Hii nyumba inanuka siki ya chipsi," akasema. "Ati dada yangu hajamaliza hata mwaka, na mshamtoa?"

Nilijaribu kumweleza maneno ya daktari. Hakunisikiliza. Chai niliyomwekea ilipoa mezani, akaondoka. Nilimwona akijifuta macho pale kwa geti.

Nilifikiri hilo ndilo baya zaidi. Wangeci alikuwa amepata nafuu, analala usiku kucha, halafu ghafla kifua kikarudi. Sikuelewa. Nilifua blanketi, nikamtoa paka nje. Alasiri moja nikaenda nyuma ya tangi kuchota maji, nikamkuta Wangeci amechuchumaa na chupa ya dawa yako, ile ya mwisho niliyokuwa nimeificha stoo chini ya magunia kwa sababu sikuwa na moyo wa kuitupa. Kizibo kiko chini. Ameweka pua juu ya mdomo wa chupa, machozi yanamtoka, kifua kinapiga filimbi.

Nilimpokonya kwa nguvu hadi akaanguka. "Unataka kufa?"

Alishindwa kumaliza maneno. "Nilikuwa nataka... kunusa Mama. Kidogo tu."

Mama.

Niliketi pale kwenye matope nikampakata mpaka pumzi ikatulia. Jioni Baba aliichukua ile chupa akatoka nayo. Sijui aliipeleka wapi. Aliporudi alienda moja kwa moja chumbani, chakula chake nikakifunika.

Kesho yake Wangeci akaniuliza kama ulikuwa na harufu nyingine. Nilitafuta kichwani, nikatafuta kwenye kanga yako, kwenye koti lako la kanisani. Kila kitu ni dawa. Miaka yote hiyo nilikulalia mapajani, na sikukumbuka harufu nyingine hata moja. Nikamwambia ulinuka mkate uliochomwa kwenye makaa. Akafurahi. Sasa kila asubuhi anaomba mkate wake uchomwe, na mimi nauchoma nikijua labda nimemdanganya.

Tata bado hajarudi. Nitamfuata Kerugoya, nimpelekee Wangeci amsikie mwenyewe akipumua.

Pumzika sasa, Mama, kazi ya hii nyumba niachie. Nakuahidi itakuwa safi kadiri ya nguvu zangu, na mtoto wako atapumua. Siku hayo mawili yatakapogombana, nitamchagua yeye. Naamini wewe pia ungemchagua. Kama nimekosea, nisamehe, lakini sitabadilisha.

Binti yako,
Nyambura