Kabla Hujahamia Tabora

Hallonbergen, Jumapili

Baraka, mume wangu wa huko Umeå,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Babu yako magoti yanamsumbua kwa baridi hii, ila kanisani hakosi.

Umeniuliza kama utaweza kuhamia Tabora ukafundishe hesabu, na Kiswahili chako hiki cha kuungaunga. Nikusimulie jambo moja.

Nilipokuja Stockholm kusomea uuguzi, Kiswidi kilinipiga chenga, lakini niliona aibu kusema. Siku moja wodini, mgonjwa mmoja, mama mzee, aliniomba kitu. Nikatabasamu, nikaitikia "ja, ja," nikaenda zangu. Niliporudi baada ya saa nzima, nilimkuta anatetemeka. Kumbe alitaka nifunge dirisha.

"Si ulisema ndiyo?" akaniuliza.

Hayo niliyaelewa. Nikafunga dirisha, nikamfunika vizuri, nikamwambia, "Sikuelewa. Nisamehe, unifundishe."

 Yule mama akaanza kunyoosha kidole: dirisha, blanketi, mto. Tangu siku hiyo nikawa nafika kabla ya zamu, nakaa kando ya kitanda chake, ananisahihisha kama mtoto wa chekechea. Nami nikakubali kuwa mtoto, mtu mzima na sare yangu nyeupe.

Tabora watakucheka, mume wangu. Cheka nao, halafu uliza tena. Mimi nasema nenda. Mama yako analia, anasema unapotea. Huyo niachie mimi. Nilimzaa mwenyewe, najua pa kumshika.

Akupendaye,
Bibi Tausi