Machozi ya Mama Eliza Yaliyouzwa

Papa,

Roho imenichafuka, na mtu ninayetaka kumweleza ni wewe. Mama nimemwambia nusu tu. Nusu nyingine inamhusu mdogo wako, Papa Deo, na sikutaka aisikie akiwa bado amevaa nguo za matanga.

Siku tuliyokuzika, viti vya kanisa vilikuwa bado uwanjani na watu wanakula maharage, Papa Deo akaingia chumbani mwako. Alitoka na kamera yako na ile disque dur nyeusi, kisanduku chako cha kuhifadhia video, ulimoweka harusi zote, ubatizo wote na vilio vyote ulivyopiga video kutoka huku Masisi mpaka Walikale. "Ni kumbukumbu ya kaka," alisema. Wakati umelazwa hospitali hakuja hata mara moja. Nilimwona akiifunga disque ile ndani ya shati lako la bluu, nikanyamaza, maana Mama alikuwa ameniegemea na sikutaka tugombane mbele ya watu.

Miezi ikapita. Kisha siku moja ya soko nilikuwa nanunua chumvi, na mama muuzaji akanigeuzia telefone yake. "Ona vile balifanya huyu mama." Kulikuwa na mwanamke amepiga magoti kwenye udongo, anaupiga kwa viganja, na chini ya sauti yake wamepandisha muziki kama wa sinema. Maandishi makubwa yalisema mtoto wake ameuawa juzi na watu wa ng'ombe, tuamke.

Kabla sijamaliza kusoma nilijua kwamba aliyepiga video ile ni wewe. Nani mwingine anaanza na mikono ya watu, halafu anapanda polepole mpaka usoni? Uliniambia uso wa mtu aliyefiwa haurukiwi kama mwizi anavyorukia mlango. Halafu nikamjua na yule mwanamke. Alikuwa Mama Eliza, jirani yetu wa chini, mwenye shamba la maharage nyuma ya kanisa. Na kilio kile kilikuwa cha mwanawe Yosua, aliyekufa na homa wakati mimi niko sekondari. Mvua ilikuwa imekata barabara, wakambeba begani kwenye tipoy, ile machela ya miti, na hospitali hakufika. Kilima kizima kinajua. Au nilidhani kinajua.

Papa, watu tuliokua nao waliyasahau hayo kwa muda wa kutazama telefone. Siku ileile vijana walimkuta Papa Faustin, yule mfugaji wa ng'ombe anayetuletea maziwa tangu sijaota meno ya pili, wakamwaga bidoni zake, madumu yote, sokoni. Maziwa yakapita katikati ya nyanya na viazi, watu wakainua miguu wasichafue viatu. Mke wake alikuja kuokota bidoni peke yake. Mimi nilimsaidia mbili. Sikuwachukia wale vijana kama nilivyowachukia waliokuwa wanainua miguu.

Mama Eliza aliposikia alipanda mpaka sokoni na jembe bado mkononi. Alisimama katikati. "Mutoto yangu alikufa na homa. Mi njo nilimuzala, mi njo nilimuzika. Munaniambia nini?" Unajua walimjibu nini? Mwalimu mmoja, mtu mwenye shati la kupigwa pasi, alimshika bega kwa upole. "Mama, benye kukutisha tunabajua. Usiogope." Mwanamke anaambiwa kwamba machozi yake mwenyewe hayajui. Alirudi kwake, na wiki ile hakutoka.

Nikapanda pikipiki mpaka Mpofi, kwa Papa Deo. Ana kibanda cha kuchajia telefone kando ya barabara, mabonge ya nyaya, na meza yako ndogo ya kuunganishia video. Alikuwa anakula sombe na samaki. Hakuacha kula. Nilimuuliza video ile ilitoka wapi, akaniita kwa jina, akicheka na mwiba kwenye meno.

"Sifa, hii ni mambo ya biashara. Huyu mama alishalia zamani. Nini inamupunguka sasa?"

Akaniambia aliiuza kwa mtu anayepita machimboni Omate, mwenye ukurasa wa mtandaoni unaofuatwa na watu wengi. Mtu huyo alitaka vilio tu, harusi hakuzitaka. Alivitazama vyote, Papa, akachagua kama anayechagua nyama. Nikaomba disque yako. Papa Deo akaniambia amekwisha kuifuta, ameweka filamu za mapigano, wachimbaji wanazipenda. Alinikaribisha chakula. Nilitoka nje nikatema mate kwenye majani, mara nyingi, kama niliyekunywa kitu kibaya.

Kitu ambacho hakukijua ni kwamba nilikuwa na nakala kamili za diski zako za zamani. Unakumbuka nilipokuwa nasoma informatique, mambo ya kompyuta, huko Goma, nikakuomba zile DVD za kwanza, zilizoanza kuchubuka, nikazinakili moja moja? Sikunakili video peke yake. Nilichukua diski nzima kama ilivyo, kuanzia alama ya kwanza mpaka ya mwisho, kila diski ikawa faili moja kubwa. Ulinicheka ukasema nimezika diski ndani ya mashine. Nilikuwa nimezisahau huko kwenye ordinatere, kompyuta yangu ya zamani.

Niliitafuta ya familia ya Mama Eliza. Ilikuwepo, lakini haikufunguka. Umeme ulikatika siku ile ya kunakili, na mkia wa faili ulikuwa umekatwa, kwa hiyo kila programu ya kawaida ilikataa, ikidai diski imeharibika. Nikachukua njia nyingine. Kuna maktaba za programu, kazi ambazo wengine wameandika na kuziacha wazi, nawe unaziita ndani ya programu yako mwenyewe. Moja inajua jinsi diski zinavyopangwa. Haiombi diski icheze. Inasoma mwanzoni palipoandikwa jina la diski, inafuata mpaka kwenye orodha ya vitu vilivyomo, na kila kitu kinasema kinaanzia wapi, kina ukubwa gani na kiliwekwa lini. Niliandika mistari michache. Ikakataa. Nikasoma maelezo tena, nikaiambia isijali mwisho wa faili, isome tu kilichopo.

Yakatokea majina uliyoyaandika wewe, kwa herufi kubwa, mafupi, kama diski zile zilivyotaka: UBATIZO.MPG;1 na MAZIKO.MPG;1. Kile kinukta-mkato na moja mwishoni kilikuwa kinakuudhi sana. "Ni nani anaongeza bitu pale?" Nikacheka peke yangu, kisha nikaacha kucheka, maana kando ya MAZIKO palikuwa na mwaka, uleule wa Yosua. Vyote viwili vilikuwa kabla ya mahali palipokatika. Nikavitoa vizima.

Nilikwenda kwanza kwa Mama Eliza. Nilimwambia ninayo video nzima ya kilio kile, na bila ruhusa yake sitamwonyesha mtu. Aliendelea kuchambua maharage. "Balishaniona nikilia kwa uongo," akasema. "Banione kwa kweli."

Jumapili baada ya ibada mchungaji alituruhusu kutandika shuka ukutani, madirisha tukayafunga kwa vitenge, na nikaunganisha projektere kwenye betri ya sola. Watu walijaa. Ilianza na mikono, kama kawaida yako. Ikafika pale Mama Eliza anapopiga udongo, na nikasikia watu wanavuta pumzi, kwa sababu waliijua. Kwenye telefone inaishia hapo. Yako haikuishia hapo. Ulizungusha kamera kushoto, na mtu aliyetangulia mbele ya sanduku la Yosua, amelibeba begani, miguu imejaa matope mpaka magotini, alikuwa Papa Faustin. Alivua koti akaingia kaburini kulipokea sanduku. Alipotoka alikwenda kumwinua Mama Eliza kutoka chini.

Hayo ndiyo waliyoyakata. Yule mnunuzi wa Omate alimwona Faustin akija kwenye picha, akakata kabla hajaingia.

Papa Faustin alikuwa amekaa nyuma karibu na mlango, kofia mapajani, na hakuinua uso. Nilitaka watu wamgeukie wamwombe msamaha. Wengine walimgeukia. Mwalimu yule wa shati la pasi alisimama. "Ata ile yako inaweza kuwa ya kutengeneza. Siku hizi batu banatengeneza byote." Nikamwonyesha jina la diski, mwaka, orodha. Akasema mwaka unaandikwa tu. Alimtazama mwanamke aliyekaa mbele yake, yuleyule wa ukutani, sasa ana mvi, na bado akasema hivyo. Papa, sijui mtu wa namna hiyo anaamkaje asubuhi akajiosha uso.

Haya ndiyo yaliyotokea baadaye. Jumatatu wanawake wachache walikwenda kununua maziwa nyumbani kwa Papa Faustin, wakaongezeka. Yeye hajahama, lakini sokoni harudi, na ng'ombe wa mkwe wake wamepelekwa mbali. Video ya uongo haijaondolewa. Mtu aliyetoka Kibua anasema huko wanaitazama mpaka leo. Papa Deo alituma habari kwamba nimemwaibisha, niende nimwombe radhi mbele ya ukoo. Siendi. Akija nyumbani Mama atampa kiti, ni shemeji yake. Mkono wangu hataupata.

Siku chache baada ya kanisa Mama Eliza alikuja kwangu peke yake. Alitaka ile nyingine, ya ubatizo. Tulikaa kitandani, ordinatere juu ya mapaja yetu. Yosua alitokea na shati jeupe linalomzidi, nywele zinadondosha maji ya mto, anatetemeka kwa baridi na kucheka. Nilikuwa namtazama Mama Eliza, nimejiandaa kwa ajili yake. Halafu nyuma ya kamera mtu akasema, "Mutoto, sema jina yako, uangalie huku."

Ilikuwa sauti yako. Sikuwa nimeitazama ile kabla, nilihakikisha tu kwamba inafunguka. Nilitaka kusimamisha, nikaiacha iendelee. Mtoto akataja jina lake, na wewe ukacheka kile kicheko chako kinachoishia kwenye kikohozi. Mama Eliza akanivuta nikaweka kichwa begani kwake.

"Lia tu," akasema. "Kila mutu iko na wake mule."

Tuliitazama tena, yeye kwa ajili ya Yosua na mimi kwa ajili yako.

Papa, lala. Nimezipata diski nyingine, nyingi zinafunguka. Kila moja nitaipeleka kwa wenyewe, mguu kwa mguu, na nitawauliza kwanza kama wanataka kuona. Wakikataa, nitaifuta mbele yao. Uso wa mtu uliyempiga video hautatoka tena mikononi mwangu bila yeye kujua. Hilo nakuahidi.

Binti yako,
Sifa