Macho ya Limbu

Ringwani, 3 Machi 2024

Mwanangu Werema,

Salamu nyingi kutoka hapa nyumbani. Sisi ni wazima, ila mguu wangu ni ule ule. Wewe u mzima? Unakula? Simu ukiona ni mimi unakata, basi nimeamua kuandika. Namtuma Nelson wa bodaboda akukabidhi mkononi, na nimemwambia asiondoke bila kukuona uso.

Tembo wamemaliza mtama wa jirani, wetu wameuruka. Hayo siyo niliyotaka kusema. Dada yako Elieth ameambiwa sokoni kwamba lori lako limemuumiza mtu huko mgodini. Mtu gani? Ulipinduka? Mimi hilo tenki lako silielewi, nasikia tu kwamba linapuliza. Niambie pole pole kama unamwambia mtoto. Usingizi sina.

Ni mimi mama yako,
Rhobi


Kewanja, 11 Machi 2024

Mama shikamoo,

Mimi mzima. Ugali nakula, ladha sisikii, lakini nakula.

Sikupinduka. Lile trela ni tenki, ndani kuna chokaa ya unga. Hatushushi kwa koleo. Tunafunga mpira mnene kutoka kwenye tenki hadi kwenye silo ya mgodi, ile kama ghala refu la chuma, halafu kompresa inajaza hewa, na hewa inasukuma unga kwenda juu. Ukiisha unatoa hewa yote kwanza, ndipo mpira unafunguliwa.

Aliyeumia ni Limbu, yule Msukuma anayepokea mzigo, niliyekuja naye Krismasi. Alifungua mpira hewa ikiwa bado imo. Miwani ya kazi alikuwa ameipandisha kwenye kofia. Chokaa ikampiga machoni. Alifungua mwenyewe. Na ofisini nimeandika hivyo, alifungua mwenyewe.

Usiwe na wasiwasi.

Mwanao,
Werema


Ringwani, 24 Machi 2024

Mwanangu,

Habari za siku. Nimefurahi kwamba u mzima, halafu nimelia, sijui kwa nini vinakwenda pamoja. Limbu! Yule aliyeniambia, "Mama, nyie Wakurya ugali mnaupiga kama umewaibia ng'ombe"? Aliyekuwa anakuita mura, mura, kila neno, kama sisi Wakurya tunavyoita kijana, Elieth akacheka hadi chai ikamtoka puani? Chokaa naijua. Nilipaka nyumba hii wewe ukiwa mgongoni, vidole vikachubuka wiki nzima, na ilikuwa ya kuchanganya na maji tu.

Sasa nakuuliza, usikasirike. Limbu amefanya kazi hiyo miaka mingapi? Na wewe ulikuwa umesimama wapi? Barua yako inasema alifungua, alifungua. Haisemi kabla ya hapo mlisemezana nini.

Nijibu.

Mama


Ringwani, 19 Aprili 2024

Mwanangu Werema,

Natumaini u mzima, maana hujasema. Nelson anasema alikupa barua ukaitia mfukoni bila kuifungua. Hii ifungue.

Jana nimekwenda Nyamongo kumwona Limbu. Nilibeba unga wa ulezi na kuku. Mkewe Scola anamwongoza kwa mkono mpaka chooni. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia daktari alisema akiwahi hospitali ya Mwanza linaweza kupona, lakini karatasi yako inasema kosa ni lake, basi ofisi yenu imesimamisha safari. Wanakaa tu hapo ndani.

Akaniuliza, "Mama, Werema anasemaje? Mimi nakumbuka kama nilimuuliza kitu kabla sijafungua. Ila wameniambia sikuuliza. Labda kweli sikuuliza."

Nikamwambia sijui. Nilisema hivyo nikimtazama usoni, na yeye haoni kwamba namtazama.

Hakukulaumu. Afadhali angekulaumu.

Mama


Kewanja, 22 Aprili 2024

Mama shikamoo,

Barua nimesoma, zote mbili.

Geji ya tenki langu, ile ya kupima hewa, imekufa tangu mwaka jana, mshale unalala kwenye sifuri hata hewa ikijaa. Sisi madereva tunagonga mpira kwa spana na kusikiliza. Ukilia kama ngoma, hewa imo. Ukilia kama gunia, imeisha.

Siku hiyo kulikuwa na malori manne nyuma yangu yanapiga honi. Nikamwambia, "Fungua, imeisha." Akaniuliza, "Umegonga, mura?" Nikasema, "Nimegonga." Akapandisha miwani, akanicheka, "Haya, bosi wa spana," akainama.

Sikugonga, mama. Spana ilikuwa kwenye kiti.

Nadhani ningepaswa kulia. Naandika hivi kama naandika orodha ya mzigo. Kesho asubuhi naenda ofisini kusema. Watanifukuza, na polisi sijui.

Mwanao,
Werema


Ringwani, 9 Juni 2024

Mwanangu,

Salamu. Hapa tunavuna. Nelson anasema umenyang'anywa funguo za lori na unashinda umelala, mlango wazi. Simu bado unakata.

Limbu amerudi. Walimpeleka Mwanza wiki ile ile uliyosema kweli, hilo ulijue. Madaktari wamejaribu. Haoni. Wamesema ingekuwa Machi, labda. Nimekaa muda mrefu nikiwaza nikuandikie hilo la Machi au niliache. Nimeandika.

Juzi nilikuwa kwao. Scola alikuwa hajamwambia ulichosema ofisini, aliogopa. Basi nikamsomea barua yako ya Aprili, yote, kwa kusoma kwangu huku kwa kuhesabu herufi. Nilipofika pale pa "Umegonga, mura?" akanishika mkono nirudie. Nikarudia. Akasema, "Kumbe niliuliza." Akapaza sauti, "Scola! Njoo usikie. Niliuliza." Nikasoma mara ya tatu, Scola amesimama mlangoni na mwiko.

Nikamuuliza kama uende kumwona. Akasema hapana.

Basi usiende. Njoo huku. Nimekutandikia chumba cha mbele. Hutaulizwa kitu.

Mama yako,
Rhobi