Baba Aliyekataa Kuiita Sumu Dawa

Ni mwaka mmoja sasa, Baba, tangu ututoke, na bado jua likianza kushuka masikio yetu hungoja kelele zako za mlangoni: "Nyuma! Nyuma nyote! Sijaoga!"

Waliosikia ukiitwa Bomba walidhani ni kwa ajili ya utanashati, na Mama hakuwakatalia. Sisi tulijua ni lile bomba la kupulizia wadudu ulilolibeba mgongoni shambani miaka yote. Nguo za kazi ulizivulia nyuma ya nyumba, ukazifua mwenyewe kwenye beseni lako peke yako, ukajisugua kwa sabuni ya mche mpaka tukakuonea huruma. Ndipo ulipoketi na kusema, "Haya, nani alikuwa wa kwanza?" Tukakurukia wote kwa pamoja.

Zamani hukuwa hivyo. Shambani kila mtu alisema "dawa", nawe ukasema "dawa": leo tunapiga dawa, dawa imekwisha. Halafu kitinda mimba wetu akashikwa na kikohozi, na dada yake anayemtangulia, naye bado mdogo, akaenda kumtafutia dawa. Aliipata kwenye kopo ulilolileta kwa ajili ya bustani ya Mama. Mama aliwakuta kijiko kimeshajaa, mmoja anambembeleza mwenzake: "Fungua mdomo, ni dawa ya Baba." Alikipiga kijiko kikarukia ukutani.

Hukumchapa mtoto. Ulikaa chini ukalia mbele yetu, kisha ukasema, "Dawa inaponya. Hii ni sumu. Atakayeiita dawa ndani ya nyumba hii atanijua mimi ni nani." Hata wageni uliwasahihisha.

Makopo matupu uliyatoboa kwa msumari, mtu asije akatekea maji. Kabla ya kupuliza ulizipitia nyumba za wafanyakazi ukipaza sauti: "Anueni nguo! Ingizeni watoto! Funikeni maji!" Majirani walinung'unika, "Huyu naye! Harufu tu inamtoa roho?" Ukawajibu, "Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha mtoto ni kidogo."

Tena ukagoma kupuliza kando ya shule wakati watoto wamo darasani. Msimamizi wa shamba akakunyang'anya bomba, akakupa jembe. Ulilima huku ukiimba, vibaya kama kawaida yako. Mwishowe aliyechoka ni yeye, akakubali upulize watoto wakishakwenda nyumbani.

Hospitali haikutuambia ni nini kilichoyamaliza mapafu yako, nasi hatutasema tusilolijua. Tunalolijua ni kwamba ulipoondoka tu, msimamizi alirudisha kazi ile asubuhi, na watoto wakaanza kurudi nyumbani macho mekundu, vichwa vinawauma. Ilituuma, Baba. Ilitukasirisha zaidi.

Wiki iliyopita Mama aliingia kwenye matuta yanayopakana na shule, sisi nyuma yake, pamoja na akina mama wale wale waliokuwa wakikunung'unikia. Mpiga bomba mpya akasema, "Mama, mimi nimetumwa tu."

"Najua, mwanangu. Hata mume wangu alitumwa. Wako yuko darasa gani?"

"La kwanza," akasema, akalitua bomba chini.

Msimamizi alikuja juu, akatishia kutufukuza kazi sote. Atufukuze. Kidole kimoja hakivunji chawa, na sasa sisi ni mkono mzima. Kesho asubuhi tutakuwa kwenye matuta yale yale, na mpiga bomba atasimama nasi.

Tunaokukumbuka ni mkeo. Mimi binti yako mkubwa ninayeandika haya. Yule dada wa kijiko na kitinda mimba wetu, wazima wote wawili. Ndugu yako fundi baiskeli. Na majirani uliowachosha kwa makelele.

Daima tutakukumbuka, Baba, na daima tutaiita sumu kwa jina lake.