Neno la Mgongoni

Manyoni, Jumapili

Dada yangu Tumaini,

Mwathirika ni mtu aliyepatwa na madhara ya jambo fulani, liwe mafuriko, njaa au maradhi. Hiyo ndiyo maana yake kamili. Maana inayotembea mitaani ni nyembamba zaidi: mwathirika ni mwenye virusi vya Ukimwi, basi. Naanza hapo, hata kabla ya shikamoo, kwa sababu uliniomba neno la kuwaambia wanajumuiya kuhusu titi lako, nami nilikaribia kukuandikia hilo.

Sasa shikamoo, dada. Natumaini dawa zimepunguza ukali na chakula kinapita. Mimi ni mzima, ila upepo wa huku umenipasua midomo.

Jana kulikuwa na matembezi ya kuwachangia wagonjwa wa saratani, kutoka stesheni hadi uwanja wa mpira. Kamati iliniomba nipige picha, kwa kuwa kamera ninayo. Wagonjwa waligawiwa fulana asubuhi ileile. Kamati iliagiza zichapwe "Mwathirika wa saratani". Mchapaji, akitaka herufi zionekane kwa mbali, alilitandaza neno la kwanza mgongo mzima. Yaliyobaki akayashusha chini, yakafunikwa na vitenge vya kiunoni.

Nilikuwa nyuma ya Mama Yohana wa Kintinku, aliyekatwa titi. Alikuwa ameshikana mkono na mkwewe. Nikapiga. Ilitoka picha safi: vumbi, mikono miwili, na lile neno. Papo hapo nikasikia vijana wa bodaboda:

"Oya, kumbe bibi naye kakanyaga miwaya!"

"Bibi, na mzee umemgawia?"

Wakacheka. Mama Yohana alidhani wanamshangilia, akawapungia mkono. Mumewe, aliyekuwa akisukuma baiskeli kando yetu, alisimama, akausoma mgongo wa mkewe, akainamisha macho.

"Mwalimu," mama akaniita, "hapa nyuma pameandikwa nini?"

Nilimsomea. Nikamweleza pia kwamba wale vijana walielewa ana Ukimwi.

Akajigusa kifua, upande uliobaki bapa. "Nikivua, wataona hii. Nisipovua, wanasoma hiyo. Sasa niende wapi?"

Mzee aliegesha baiskeli, akavua koti lake zito, akamvika. "Tembea, Mama Yohana. Ungekuwa nao, si ningekuwa nao na mimi?" Kisha akawageukia vijana: "Nanyi mkiugua kuhara, tuwaandike mgongoni?"

Safari hii walichekana wenyewe. Mama Yohana alifika uwanjani na koti lile, juani, akilowa jasho. Aliniambia jambo moja tu: "Ile picha ya nyuma usimpe mtu."

Jioni mwenyekiti wa kamati aliiona kwenye kamera, akaitaka kwa ajili ya bango.

"Hii ndiyo inayoongea, mwalimu."

"Inaongea uongo, na mwenyewe amekataa."

"Mwenyewe? Picha ni za kamati!"

Nimeifuta. Kesho anakwenda kunishtaki kwa mkuu wa shule, na sijui nitatoka vipi ofisini humo.

Tangu jana napima maneno kwa ajili yako. Mgonjwa? Huenda daktari atakwambia umepona, na watu wasiache kukuita hivyo. Manusura ni aliyekwisha kuokoka, na wewe bado uko ndani ya jambo lenyewe. Mhanga ni aliyetolewa kafara. Hilo sikubali hata kulisikia. Nimefundisha Kiswahili miaka yote hii, na kwa dada yangu mwenyewe kimeniishia mkononi.

Nisalimie shemeji, anayekupeleka kliniki bila kunung'unika, na mama mdogo anayekupikia uji. Baba mpe shikamoo yangu. Najua hajaambiwa, nami sitakutangulia kumwambia.

Jumapili ijayo, utakaposimama mbele ya jumuiya, nani atakuwa na koti? Na kama neno halina budi kuwepo, dada, wewe ungekubali kutembea na lipi mgongoni?

Mdogo wako,
Anselm