Mkate Nilioagizwa kwa Utani

Kibaha, Jumatano. Mvua ya vuli imekatika asubuhi, ardhi bado imelowa.

Mama mkwe wangu amethibitisha leo, kwa simu kutoka Msimbu, kwamba aliponiambia nioke mkate wa mkusanyiko wa familia alikuwa ananitania.

Naandika kama ilivyosemwa. Kazi yangu ni uandishi wa habari, na jambo la kwanza katika kazi hii ni kuhakikisha neno kabla ya kulifanyia kazi. Hili sikulihakikisha. Nimeoka mikate wiki kadhaa kwa kauli ya mtu aliyekuwa anacheka.

Kwa wasionifahamu: mimi ni Mnyamwezi wa Tabora, mume wangu ni Mzaramo wa Kisarawe. Makabila yetu ni watani. Tangu niolewe, mama mkwe ananiita mpagazi, kwa sababu mababu zangu walibeba mizigo kutoka bara mpaka pwani. Mimi namjibu kwamba wakati wa kurudi tulibeba nguo, na tungejua angekuwa na mdomo hivi tungemwachia kufuli.

Kila Desemba, shule zikifungwa, ukoo mzima unakusanyika kwake Msimbu. Tunawasomea dua waliotangulia, tunakula, na watu wanalala popote penye mkeka. Mezani lazima uwepo mkate wa kumimina, wa mchele na tui la nazi, anaouoka mwenyewe kwa makaa chini ya sufuria na makaa juu ya mfuniko. Mwaka huu aliteleza kisimani akavunjika mkono wa kulia. Tulipokwenda kumpa pole, mtu akauliza mkate utakuwaje. Mama akaninyooshea kidole cha mkono mzima.

"Ataoka mpagazi. Akishindwa, aubebe kichwani mpaka kwao."

Nyumba nzima ilicheka. Mimi pia nilicheka. Kisha nikarudi Kibaha nikaloweka mchele.

Mkate wa dukani hauingii kwake, hilo linajulikana. Kwa hiyo ama ningeoka mimi, ama ungepita mwaka wa kwanza bila mkate ule tangu mume wangu azaliwe. Na niseme ukweli: niliitaka kazi hiyo. Katika ukoo huu nimekaa miaka mingi kama mgeni anayependwa.

Mgeni hapewi jiko.

Mkate wa kwanza niliutengeneza kwa mchele mpya, ambao kaka yangu alinitumia kutoka Tabora. Niliona fahari kuutumia. Mkate ukalala, ukanata kwenye kisu. Zuhura, wifi yangu, ana duka la vitambaa Maili Moja na hupita kwangu mara kwa mara. Nilimkatia kipande. Alitafuna, akatafuna tena.

"Wifi, huu ni ugali umetiwa sukari."

"Meza uondoke."

"Nameza, lakini nikizidiwa waambie ni wewe."

Mkate wa pili ulipanda vizuri ukaungua chini. Baada ya hapo niliacha kubahatisha, nikawa nabadilisha kitu kimoja tu kila mara. Mchele mpya nikauweka kwa ajili ya wali, nikatumia wa zamani. Nikazidisha makaa ya juu, nikapunguza ya chini. Nikaacha kufunua mfuniko kila dakika kama mtu anayesubiri mgeni dirishani.

Wakati uji wa mchele na tui unaumuka, mimi huwa bustanini. Bustani ni kipande cha ardhi nyuma ya nyumba, mchanga mtupu, na jirani aliniambia hapo hapaoti kitu zaidi ya mawe. Nilikilisha samadi kipindi chote cha kiangazi. Vuli ilipoanza nikapanda kunde, bamia na matembele. Sasa kunde zimetambaa mpaka ukutani, bamia zinataka kukatwa kila siku, na jirani huyo huyo hutuma bakuli kuomba majani ya kupikia.

Najisifu, na sina mpango wa kuacha.

Jana mchana niliufunua mkate ambao sikuona tena la kubadilisha. Juu ulikuwa na rangi ya kahawia iliyolingana. Nilipoukata, ndani ulikuwa na vitundu vidogo vidogo, mwepesi, na kisu kilitoka safi. Zuhura alikuwa anapita kwenda Msimbu kumwona mama. Alikula kipande cha kwanza bila kusema neno. Kwa Zuhura, hilo si jambo dogo. Alipomaliza cha pili akaniuliza naoka kila siku kwa ajili ya nani. Nikamkumbusha alichosema mama.

Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Wifi! Mama alikuwa anakutania! Na wewe ukaenda kununua mkaa?"

"Sasa nani anaoka?"

"Hakuna. Mama ameshasema watu watakunywa chai na mihogo."

Alifunga kipande kingine kwenye khanga, akaondoka bado anacheka. Mimi nilirudi bustanini, nikapalilia tuta ambalo nilishalipalilia asubuhi. Nilikuwa na aibu, na nilikuwa na hasira na mihogo.

Leo asubuhi nilipiga simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mpagazi. Umetua mzigo?"

"Mama, nina swali moja. Uliposema nioke mkate, ulikuwa unatania?"

"Nilikuwa natania."

Nilishukuru. Nilikuwa tayari kuaga.

"Ngoja, sijamaliza. Zuhura alikuja hapa jana na kipande kwenye khanga. Akaniambia kaoka yeye."

"Zuhura?"

"Nikamwambia, wewe chapati tu unaziondoa jikoni mbichi kwa haraka zako, makaa ya juu umeyangoja lini? Akasema kweli. Nikala. Kilichobaki nikakificha, baba yenu asikione."

Nilivuta kigoda nikakaa.

"Sasa nisikilize, na hapa sitanii. Usiniletee mkate uliokwisha kuokwa. Njoo na mchele umeloweka, uokee hapa, kwenye jiko langu, mbele yao wote. Na sukari punguza kidogo."

Nilimwomba arudie. Akarudia, neno kwa neno, kisha akakata simu.

Mume wangu ananiambia hajawahi kuona mtu mwingine akipewa jiko lile, hata dada zake. Mimi nina uhakika na jambo moja dogo zaidi: mkate ulikuwa mzuri. Aliyeuonja hakuwa na sababu ya kunisifu, na alikuwa ameshapanga mihogo.

Mkusanyiko ni Jumamosi. Ijumaa jioni navuna kunde na bamia, naloweka mchele wa zamani, nakuna nazi. Zuhura ameagizwa blenda ya kusagia mchele, kama adhabu. Tunaondoka baada ya sala ya alfajiri, na saa nne asubuhi, Msimbu, nawasha makaa.