Mpaka Uliopita Tanurini

Cudlow, Dorset
11 Januari 1768

Mdogo wangu Reuben,

Natumaini hujafa. Mimi ni mzima kuliko wote hapa Cudlow. Magoti tu ndiyo yanagoma wakati wa baridi, lakini meno niliyobaki nayo yanavunja mkate mgumu kuliko ya vijana. Mkeo Margery hajambo? Kile kikohozi?

Nilisema sitakuandikia tena mpaka nizikwe, na neno langu halirudi, unanijua. Lakini barua hii si yako, ni ya Dorcas Legg, yule mjane wa mifagio kule nyikani. Mikono yake imekakamaa, hawezi tena kufunga mifagio. Alikwenda kwa wasimamizi wa parokia yetu kuomba mkate wa maskini, wakamwambia, "Mama, nyumba yako iko ng'ambo ya mpaka, nenda parokia ya Ashmere." Akaja kwenu, wenzako wakamwambia rudi Cudlow. Sasa anakula kabichi iliyogandishwa na baridi.

Nikasimama kikaoni kanisani. Nikawaambia mpaka haufuati kijito kama wanavyodhani. Unapita katikati ya tanuri la mikate, kwenye ukuta wa nyuma wa nyumba ile. Chumba anacholala kiko Cudlow, basi mkate tuutoe sisi. Najua, kwa sababu mwaka ule wazee wa parokia walipotuzungusha mpakani tukiwa watoto na kutugonga makalio kwenye kila jiwe, walipofika pale walimsukuma mtoto mmoja ndani ya tanuri ili mpaka usisahaulike. Na mtoto huyo ni mimi.

Wakacheka. Squibb, mzee wa kanisa, akasema, "Jabez, si ndiye wewe uliyebeba fahali begani?" Nilimbeba kweli, ila alikuwa ndama mkubwa. Akaniuliza, "Haya, uliingilia mdomoni mwa tanuri, ukatokea wapi?" Nikasema nilitokea nilikoingilia. Wakazidi kucheka.

Hakimu anakuja kuiona nyumba tarehe mosi Machi. Wewe ulikuwepo siku ile. Njoo useme kuna mtoto alipita. Si lazima useme ni nani.

Kaka yako,
Jabez Gollop


Ashmere
30 Januari

Kaka Jabez,

Salamu. Sisi wazima. Margery anakohoa lakini anagomba pia, kwa hiyo atapona. Theluji imemchelewesha muuza samaki aliyebeba barua yako, nayo imefika inanuka heringi.

Siji. Ulikuja kwenye ubatizo wa mjukuu wangu ukasimulia habari ya tanuri kama yako. Nilikwambia kwa upole, "Kaka, yule alikuwa mimi." Ukaniita mwongo, mezani kwangu, nyama yangu ukiwa umeishika mkononi. Tangu siku hiyo hujaniambia hata pole, na leo unataka nije kushuhudia "mtoto".

Dorcas nimempelekea unga na jibini. Mengine waulize hao wasimamizi wenu.

Mdogo wako,
Reuben


Cudlow
8 Februari

Mdogo wangu,

Mimi mzima kama kawaida. Margery ale kitunguu na asali, dawa hiyo niliigundua mimi.

Na nyama yenyewe ilikuwa ngumu.

Jana nilikwenda kwa Dorcas. Moto wake ni kiganja kimoja. Hakimu akiamua kwamba hana parokia huku, watampandisha gari la farasi wampeleke alikozaliwa, mwisho kabisa wa kaunti, asikomjua mtu. Akaniambia, "Jabez, mume wangu amelala hapa. Nikienda huko, nani atapalilia kaburi lake?" Nikamwambia akina Gollop tupo. Nilimwambia kwa sauti kubwa, Reuben, na jirani zake walisikia.

Basi usinifanye mjinga.

Kaka yako,
Jabez


Ashmere
22 Februari

Kaka Jabez,

Salamu za hapa ni njema. Margery amekula kitunguu, amekutukana, amepona.

Nimefikiri sana. Nikija mimi, watasema Ashmere wamenituma kuwatupia Cudlow mzigo. Kwa hiyo nakuandikia wewe usilolijua.

Sikutokea nilikoingilia. Mikate ilikuwa imetolewa punde tu, matofali yana moto bado. Walinisukuma kichwa mbele, nikakwama. Baba akazunguka nyuma na nyundo, akavunja ukuta chini, upande wa kushoto, akanivuta kwa mabega. Baadaye wakapaziba kwa mawe na kupaka udongo. Wote waliokuwa pale wamekufa. Wewe hukuona, ulijificha vichakani wasije wakakuchagua.

Sasa umejua. Siku ya hakimu gonga hapo, useme ulikuwa wewe. Hadithi hiyo imenichosha, ichukue. Bora Dorcas apate mkate.

Mdogo wako,
Reuben


Cudlow
6 Machi

Mdogo wangu Reuben,

Nakusalimu wewe na Margery na wajukuu wote. Mimi mzima, isipokuwa bega, kwa sababu ya nyundo.

Hakimu alikuja na buti safi zikachafuka. Nikazunguka nyuma ya nyumba na watu wote. Squibb akasema, "Unatafuta hazina, mzee?" Nilipiga chini kushoto, udongo ukaporomoka, na mawe ya kuzibia yakaonekana, si ya ukuta ule kabisa. Nikayatoa. Hakimu mwenyewe akaingiza mkono mpaka ndani ya tanuri. Squibb akaanza kuangalia mawingu.

Hakimu akasema, "Kwa hiyo mtoto ulikuwa wewe," nikaletewa Biblia niapie.

Reuben, hadithi ilikuwa tayari mdomoni. Nimeisimulia mpaka naujua moto wa yale matofali. Lakini Dorcas alikuwa mlangoni na kifurushi chake kimefungwa tayari kwa safari. Nikaona Squibb akiniuliza swali moja zaidi nikakosea, mama wa watu atapanda gari. Nikasema, "Ni mdogo wangu, Reuben Gollop wa Ashmere. Alikuwa mdogo kama sungura na hakulia." Kama ulilia, usimwambie mtu.

Hakimu akauliza, "Na wewe ulikuwa wapi?"

Nikasema, "Vichakani. Na nilijificha vizuri kuliko mtoto yeyote wa Dorset, hawakunipata mpaka jioni."

Walicheka mpaka farasi wa hakimu akashtuka. Wacha wacheke. Mpaka ni tanuri, chumba kiko Cudlow, mkate unatoka kwetu kila Jumamosi, tena mweupe kuliko wa Ashmere. Dorcas amefungua kifurushi chake na kutundika sufuria mahali pake.

Sasa kilabuni nawaambia: nyinyi mna ndugu wa namna gani? Wangu alipitishwa kwenye tanuri lenye moto akatokea upande wa pili. Kuna fundi viatu mgeni hapa haamini. Jumapili nakuja naye akuone kwa macho yake. Mwambie Margery apike nyama, mara hii aichemshe sana.

Wewe huna maneno, utaikatisha hadithi kabla haijakolea. Kaa tu mezani watu wakutazame. Kusimulia niachie mimi.

Kaka yako,
Jabez